Komeo la Choo cha Tatu

Jumatatu, 14 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Bi Rhona, mkuu wa Nyumba, amenipa daftari hili na kuniambia kila ninachotengeneza nikiandike, tarehe na kazi. Nimemwambia mimi niliingia uwanja wa meli hapa Dundee nikiwa na miaka kumi na tano, mikono yangu inajua mbao, haijui kalamu. Akasema, "Andika tu, Wattie, hata mistari miwili." Basi. Kurasa za mbele ni za kazi. Huku nyuma ni kwangu, maana mtu aliyejenga vyumba vya manahodha hawezi kuishia kuandika kwamba amefunga koki.

Nimefunga koki.

Jumanne, 15 Oktoba
Atakayeokota daftari hili ajue hapa ni wapi. Ni nyumba ya wanawake wanaotumia unga na vidonge vya mtaani. Wanaingia saa nne asubuhi, wanatoka saa kumi. Wanapewa supu ya dengu, maji ya moto ya kuoga, sindano safi, na nesi wa kuwafunga vidonda. Hakuna anayeambiwa aache kwanza ndipo apewe supu. Mimi naona ni kuwadekeza, lakini sikuajiriwa kuona. Wanaume hawaruhusiwi ndani isipokuwa mimi. Nina miaka sabini na sita. Nadhani walinitazama wakaona sina madhara.

Kuna vyoo vitatu. Sijawahi kuona milango mibaya vile. Mifupi, chini kuna pengo la shubiri nzima, inafunguka kwa nje kama ya banda la kuku, na kitasa mtu yeyote anakigeuza kwa sarafu akiwa nje. Fundi aliyefanya kazi hiyo angekuwa uwanjani kwetu tungemtupa mtoni.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimegombana na Bi Rhona. Nilikuwa nimeunga ubao chini ya mlango wa kwanza, nikaupiga randa hadi kiungo hakionekani. Akaja.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimeutengeneza. Ulikuwa mfupi kama suruali ya kuazima."

"Utoe."

"Bi Rhona, baridi inaingia..."

"Wattie, njoo uone." Akalala sakafuni, mwanamke mzima wa miaka hamsini na sweta lake zuri, akapitisha mkono chini ya mlango wa pili mpaka begani. "Akianguka humu namfikia. Nikigeuza sarafu nafungua. Na kwa kuwa unafunguka kuja kwangu, hata akilala nyuma yake hauzuiliki. Kuna binti tulimzika mwaka juzi. Alikufa nyuma ya mlango imara sana."

"Lakini kutumia humu ndani hairuhusiwi. Tangazo liko ukutani."

"Liko. Wewe unadhani choo kinasoma matangazo?"

Nimeutoa ule ubao. Sikuacha hata tundu la skrubu.

Jumanne, 22 Oktoba
Leo wafanyakazi wote walifundishwa ile dawa ya kupuliza puani, naloksoni, inayomwamsha mtu unga ukimzidi. Bi Rhona alisema ni dakika ishirini tu. Nikamwambia mimi ni fundi wa mbao, si nesi, na nina bomba linanisubiri. Hakukuwa na bomba.

Alhamisi, 24 Oktoba
Yuko mmoja anaitwa Senga. Miaka arobaini na kitu, taya lake limekaa upande. Mdomo wake hauna breki. Leo nilimwambia nesi kwamba mateja wamemaliza sukari, Senga akasikia.

"Nani teja, mzee?"

"Sikusemi wewe."

"Mimi naitwa Senga Lamont. Nimezaa watoto watatu, nimefanya kazi kiwanda cha jamu miaka tisa, na mume wangu alinivunja taya kwa birika. Unga ni kitu ninachotumia, si jina nililobatizwa. Sawa?"

"Sawa."

"Wewe unavuta kiko. Nikuite Kiko?"

Wote wakacheka. Siku nzima wameniita Mzee Kiko. Sikupenda. Lakini neno lile sijalisema tena, wala sitaliandika humu.

Jumapili, 27 Oktoba
Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Nyumba imefungwa. Nimekula pai peke yangu mbele ya picha ya marehemu mke wangu, Netta.

Jumanne, 5 Novemba
Leo ni sikukuu ya fataki, mji mzima zinalia tangu saa nane mchana. Wanawake hawakutulia, kila mlio mmoja wao anaruka. Nilikuwa juu ya ngazi nyuma ya Nyumba nikizibua mfereji wa bati, nikamwona mmoja wao, yule binti kimya anayeitwa Ailsa, amechuchumaa kichochoroni kati ya mapipa ya taka. Mvua ya barafu inamwagika mgongoni mwake naye anajichoma mguuni. Hatua kumi kutoka mlango wa joto.

Nilikasirika. Sikujua namkasirikia nani.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimemuuliza. Ana miaka kama ishirini na sita, mwembamba, hakutazami usoni. Nilikuwa natia mafuta bawaba za mlango wa nyuma, yeye anavuta sigara. Niliendelea kutazama bawaba, ndiyo maana akasema.

"Binti, kwa nini unakaa kule kwenye mapipa? Vyoo viko hapa, vina joto."

"Milango yenu."

"Ina nini?"

"Mtu wa nje anaweza kufungua."

"Bi Rhona hawezi kukufungulia bila sababu."

"Najua." Akavuta sigara. "Akili inajua, mzee. Mwili haujui." Halafu akasema hivi, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate: "Baba wa nyumba niliyolelewa, kitasa cha chumba changu kilikuwa upande wake. Miaka saba."

Nimetia mafuta bawaba ile mpaka yakachuruzika sakafuni.

Jumamosi, 9 Novemba
Sikulala vizuri. Kitasa upande wake. Kuna fundi alikifunga kitasa kile. Alilipwa, akasema asante, akaenda nyumbani kula.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimelifunga.

Acha nieleze, maana ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya tangu niondoke uwanjani, na kurasa za mbele haitaonekana. Choo cha tatu, ndani ya mlango, nimeweka ubao wa mwaloni wenye kulabu tatu za kutundikia koti. Kulabu ya katikati ukiisukuma juu, komeo la chuma linapanda nyuma ya ubao na kuingia kwenye fremu ya juu, kina cha kidole kizima. Ukiishusha, linatoka. Kimya, laini kama siagi. Bawaba nazo nimezibadilisha, nimeweka zile ambazo pini zake hazing'oki kwa nje. Pengo la chini sikuligusa, wala kitasa cha sarafu. Bi Rhona akigeuza sarafu kukagua choo kitupu, mlango unafunguka kama kawaida. Hata mkaguzi wa uwanja wa meli asingeliona.

Nimemwonyesha Ailsa peke yake. Alisukuma kulabu juu, akashusha, akasukuma tena. Mara nne au tano.

"Hakuna anayejua?"

"Mimi na wewe."

Akaingia, akafunga. Nilisimama pale kama bwege. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

Jumatatu, 18 Novemba
Ailsa ameingia saa nne, ametoka saa kumi. Hakwenda kichochoroni.

Jumanne, 19 Novemba
Vilevile.

Alhamisi, 28 Novemba
Ailsa ameoga, amekula supu bakuli mbili, amekaa na nesi akafungwa kidonda cha mguuni ambacho hakuna aliyejua anacho. Bi Rhona amefurahi mpaka anaimba jikoni. "Sijui nini kimembadilisha," ananiambia. Nikasema labda ni dengu.

Watu wenye vyeti ukutani walihangaika na binti huyu mwaka mzima. Mimi nimemleta ndani kwa skrubu sita. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu.

Jumanne, 3 Desemba
Ailsa amemuuliza nesi kuhusu methadoni, ile dawa anayopewa mtu anayetaka kuacha unga. Ameuliza tu. Lakini ameuliza.

Alhamisi, 12 Desemba
Leo nimefanya upumbavu, au labda si kitu. Senga alikuwa ananichokoza tangu asubuhi. Nilikuwa napaka rangi milango ya vyoo, naye amekaa kwenye kiti cha korido na chai yake.

"Mzee Kiko, milango hii uliikata ukiwa umelewa?"

"Sikuikata mimi."

"Mbwa wa mama yangu angepita hapo chini amevaa kofia."

"Nimekwambia si kazi yangu."

"Basi kazi yako ni ipi? Tangu Oktoba nakuona na ngazi tu, unapanda, unashuka, kama mtu aliyesahau kitu darini. Uwanja wa meli, uwanja wa meli! Meli zenyewe zilielea?"

Hilo ndilo lililonichoma. Nikamshika mkono wa sweta, nikamwingiza choo cha tatu, nikamwambia, "Sukuma kulabu hiyo ya katikati." Akasukuma. Akajaribu mlango. Akautikisa. Akageuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikumwona akicheka.

"Mungu wangu, Wattie," akasema. Hakusema Kiko. "Huu mlango kweli."

Nilivimba kama mkate. Nikamwambia asimwambie mtu. Akasema nani atamwambia nani.

Jumanne, 24 Desemba
Chakula cha Krismasi: bata mzinga, karoti, kofia za karatasi. Senga alinivalisha ya zambarau. Ailsa alinipa sanduku la tumbaku limefungwa kwa gazeti.

Jumatatu, 6 Januari
Barafu. Mabomba yameganda.

Jumatano, 8 Januari
Mabomba. Nesi anasema kuna vidonge vipya mjini, vya bluu, vikichanganywa na unga pumzi inakatika. Wamebandika onyo kila mahali. Senga hajaja tangu Jumatatu.

Ijumaa, 10 Januari
Naandika kwa kuwa kiko hakikai mdomoni.

Senga aliingia saa tano. Sikumwona, nilikuwa uani nayeyusha barafu ya bomba. Bi Rhona anasema alikuja mweupe kama karatasi, akamwambia kwamba mumewe ametoka gerezani na jana alikuwa amesimama chini ya ngazi za jengo lake, amesimama tu, anatazama juu. Bi Rhona akamwambia akae, ampigie simu wakili na polisi. Senga akasema, "Ngoja niende chooni kwanza." Bi Rhona akashika simu.

Alivipita vyoo viwili vilivyokuwa wazi, akaingia cha tatu, na walipomwita hakuitika.

Nikasikia jina langu linaitwa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa Bi Rhona. Nilipofika korido nesi alikuwa anageuza sarafu, kitasa kinageuka, mlango hauji. Anavuta, hauji. "Umekwama!" anasema. "Wattie, umekwama!"

Nikasema, "Haujakwama. Kuna komeo juu."

Bi Rhona akanitazama. Sekunde moja tu. Halafu akalala sakafuni.

Kupitia pengo lile nililolicheka aliuona mguu wa Senga. Mguu tu. Kichwa kilikuwa upande wa ukuta, hakifikiki. Akapitisha mkono mpaka begani na naloksoni ya sindano, maana pua haikufikika, akamchoma kwenye shavu la mguu kupitia suruali. Akamchoma ya pili. "Senga! Senga, mpenzi, vuta pumzi!" Unga ulisikia dawa. Vile vidonge havikusikia. Alitakiwa mtu wa kumpulizia hewa mdomoni, na mtu huyo alikuwa nje ya mlango wangu.

Nilikwenda kwenye bawaba. Pini hazing'oki, nilihakikisha mwenyewe. Nikaingiza mtaimbo kwenye ukingo, mwaloni ukalia lakini haukupasuka. Nikauvuta tena. Mimi ndiye niliyechagua ubao ule, sikuacha hata ufa. Ikabidi nipande kwenye kiti na patasi niichimbe fremu ya juu mpaka nilione komeo, na kila pigo la nyundo lilitoa kipande kama ukucha. Kina cha kidole kizima. Nesi alikuwa ananiambia "haraka, mzee, haraka."

Dakika saba. Saa ya korido iko juu ya mlango ule, niliitundika mimi.

Ulipofunguka waliingia wote juu yake. Midomo ilikuwa ya bluu. Walimpulizia hewa, wakamwekea barakoa, wakahesabu. Watu wa ambulensi wakaja. Moyo ulikuwa unapiga. Walimbeba na kofia yake.

Ailsa alikuwa amesimama mwisho wa korido. Aliuangalia ubao wa kulabu ulioning'inia kwa skrubu moja. Akachukua mfuko wake akatoka.

Jumamosi, 11 Januari
Yu hai. Hajaamka.

Jumatatu, 13 Januari
Bi Rhona aliniita ofisini. Nilijitayarisha kupigiwa kelele. Hakupiga kelele. Alinimiminia chai, akasukuma kikombe kwangu.

"Nieleze."

Nikamweleza. Kitasa upande wake. Kichochoro. Kulabu. Nikamweleza na la Senga pia, kwamba nilimwonyesha kwa sababu alizicheka meli zangu. Hilo ndilo lilikuwa gumu kutoka.

"Ailsa alikwambia wewe," akasema. "Mwaka mzima nilitamani aniambie mimi. Unajua ningefanya nini? Ningemwambia achague mtu mmoja. Yeyote. Akae nje ya mlango, amwite jina kila baada ya dakika, yeye aitike. Akinyamaza, ndipo tunafungua. Mtu anayemwamini, Wattie. Hakuhitaji chuma."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza. Ulikuja na bisibisi."

Nilimaliza chai.

Kamati imeamua nisiingie tena Nyumba. Bi Rhona alilia kidogo alipokuwa ananiambia, kisha akafuta kalenda kwa mkono wake kana kwamba ina vumbi. Kurasa za mbele amezitolea nakala. Akaniambia hizi za nyuma nibaki nazo, hakuzisoma.

Jumatano, 15 Januari
Nimekwenda mwenyewe pale ukumbi wa maktaba wanakofundisha naloksoni. Tulikuwa mimi, mama wawili na dereva wa basi. Dakika kumi na nane.

Jumatano, 22 Januari
Senga ameamka. Wameniruhusu kumwona dakika kumi. Mkono wa kulia umelala. Nesi wa wodi anasema ubongo ulikosa hewa, mengine yatarudi, mengine hayatarudi, hajui yapi. Nilikaa. Nikamwambia mimi ni Wattie. Nikamwambia anisamehe. Alinitazama muda mrefu na midomo yake ikafanya kazi, ikafanya kazi, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Halikutoka neno. Mwanamke aliyekuwa na mdomo ule. Nilingoja aniite Kiko. Ningetoa kitu chochote aniite Kiko.

Jumatano, 29 Januari
Nimekwenda tena. Amesema "ma-ji". Nimempa.

Jumatatu, 3 Februari
Nimekutana na Bi Rhona dukani. Anasema Ailsa hajarudi tangu siku ile. Wanazunguka mjini na mfuko wa sindano safi na chakula, hawamwoni. Wamesikia anajilaumu yeye. "Anasema lile komeo lilikuwa lake." Bi Rhona alikuwa ameshika maziwa, nikamwona amezeeka.

Jumanne, 4 Februari
Nimemtafuta stesheni, chini ya daraja, nyuma ya kanisa. Hapana.

Alhamisi, 6 Februari
Theluji nyepesi yenye maji, upepo kutoka mtoni. Saa nne asubuhi nilikwenda kichochoroni nyuma ya Nyumba. Ndani sikanyagi, lakini kichochoro si chao. Alikuwa pale kati ya mapipa. Amekonda.

"Ondoka, mzee."

"Senga amesema maji. Jana amesema chai."

Akafunika uso. Nilimwacha. Halafu nikamwambia kwamba komeo lile halikuwa lake. Alichosema yeye ni kwamba anaogopa. Aliyelifunga ni mimi, na aliyelionyesha kwa kujisifu ni mimi, na sitaki amchukulie mtu mzima mzigo wake. Sijui kama alisikia.

"Ninaumwa," akasema. "Alosto, mwili unadai unga. Nitajichoma sasa hivi, ukipenda usipende. Geuka."

"Nitageuka. Ninayo dawa ya puani, najua kuitumia. Nitakaa hapa mdomoni mwa kichochoro, mgongo kwako, hapiti mtu. Nitakuita kila nikihesabu sitini. Uitike."

"Utanikera."

"Nitakukera."

"Na usigeuke."

"Sigeuki."

Nilifungua koti nikalishika pande zote mbili, upana wa kichochoro, kama turubai. Mwanamume mmoja alitaka kukatiza na mbwa wake, nikamwambia kuna bomba limepasuka. Nikahesabu.

"Ailsa."

"Nipo."

Sitini.

"Ailsa."

"Nipo."

Mara ya tatu, nipo. Mara ya nne, nipo, taratibu. Mikono ilianza kuuma, nina miaka sabini na sita na koti lilikuwa limelowa. Mara ya tano alisema "mm".

"Ailsa."

Upepo tu.

"Ailsa!"

Nilisimama na ahadi yangu. Nafikiri ni pumzi mbili. Nilijua nikigeuka bure sitamwona tena kichochoroni hapa wala pengine. Nikageuka, dawa mkononi, kifuniko nimekwisha kuking'oa.

Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akainua kichwa, macho mazito lakini yananiona.

"Nimekwambia usigeuke."

"Hukuitika."

Akaitazama dawa. Akanitazama mimi, nilivyolowa. Akamaliza kufunga kiatu, kamba ya kwanza, kamba ya pili, akasimama kwa kushika pipa.

"Nimeitika," akasema. "Hukusikia. Kesho nitaitika kwa nguvu. Upepo huu unakula maneno."